Bloga akilipwa, kinachonunuliwa ni nini hasa?

Mwaka juzi niliingia dili WhatsApp, niandike posti moja ya sabuni ya uso, laki na nusu, nusu mkononi nusu nikishaposti. Safi. Maelekezo yakaja: andika kama umeitumia wiki mbili, usiweke neno tangazo popote, picha utatumiwa. Sabuni yenyewe sijawahi hata kuinusa.

Sasa wengi hapa washaniambia mabloga wote njaa tu, lakini mi naona tusiwaonee, blogu inakula bando na muda, na 2018 huku Tanzania ikaja leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maombi na ada ukijumlisha ilikuwa inapita milioni 2, wengine wakafunga kabisa, na msomaji hajawahi kutoa hata mia. Hela itoke wapi? Redio kila siku tunasikia "kipindi hiki kimeletwa kwenu na..." na hakuna anayemwita mtangazaji tapeli.

Ila kwenye redio unaambiwa mapema, ndo tofauti. Marekani hili waliligombania tangu PayPerPost ilipoanza 2006 kulipa mabloga kwa kila posti, mpaka 2009 serikali yao kupitia FTC, tume yao ya biashara, ikasema ukilipwa kusifia kitu sharti useme. Na kusema kwenyewe kuna viwango, Kim Kardashian alisifia sarafu ya kidijitali EthereumMax na #ad, yani tangazo, akaweka, bado 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26 maana hakutaja kwamba amepewa 250,000. Kwenye mambo ya uwekezaji sheria yao inataka na kiasi.

Mi kinachonisumbua zaidi hata sio lebo. Jamaa yangu mmoja ana blogu ya habari za mtaani, pembeni ameweka bango la app ya mikopo, juu limeandikwa TANGAZO kwa herufi kubwa, hapo huna la kumlaumu. Shida wasomaji wake wakaanza kumtumia inbox, hiyo app ukichelewa kurejesha siku mbili inawatext mama mkwe, bosi, mpaka fundi wako wa zamani, kausha damu ya kisasa yani. Hiyo ni stori ya wiki nzima kwa mtu anayeandika mambo ya mtaani. Hajaiandika mpaka leo. Nikamuuliza, akasema "kaka, bango ndo linalipa kodi ya nyumba". Hajadanganya neno hata moja, na lebo yake ipo palepale, ila watu wake hawajaambiwa kitu alichokuwa anakijua. Kumhukumu nashindwa, mi sina watoto watatu shule.

Kwenye sabuni niliwajibu nitumieni kwanza niijaribu, kama nzuri nitaandika na nitasema nimelipwa. Wakajibu "haina haja boss". Wiki iliyofuata nikakutana na picha zilezile kwa dada mmoja, "wiki mbili tu jamani ngozi imetakata". Najisifu hapa, lakini ingekuwa laki tano na mwezi uko tarehe 28, sijui.