Mikono Ipo, Kibali Hakuna

Juzi, hapa Maine, Marekani, nilimaliza zamu ya usiku ya kuhudumia wazee saa moja asubuhi, nikaambiwa nibaki hadi saa tisa alasiri kwa kuwa hakuna wa kunipokea. Kuna mzee alikuwa amebonyeza kengele muda mrefu akitaka kupelekwa chooni. Nilipomfikia alikuwa ameshajilowesha, analia kwa aibu. Mtu aliyevua kambakoche katika bahari hii maisha yake yote.

Narudi nyumbani, namkuta jirani yangu, mama wa Bukavu, Kongo, anayeomba hifadhi hapa, amekaa kwenye ngazi. Kwao alikuwa muuguzi miaka 11. Akanitazama macho yangu mekundu, akasema, "Dada, mikono yangu iko mizima. Kwa nini wananikalisha?"

Sikuwa na jibu, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Hapa Maine hakuna asiyelia kukosa wafanyakazi: hoteli, viwanda vya samaki, wajenzi, mabasi ya shule. Kwa umri, hakuna jimbo Marekani nzima lililozeeka kama hili, na kwa miaka sasa wanaozikwa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Mpango wa uchumi wa jimbo umeweka lengo la kupata watu 75,000 wa kufanya kazi ifikapo 2029. Mwaka 2023 Gavana Janet Mills aliagiza uandaliwe mpango wa ofisi ya kuwapokea wahamiaji. Kwa hiyo jimbo linajua linachohitaji.

Kinachofunga mlango ni sheria ya Washington. Tangu 1996, anayeomba hifadhi hapewi kibali cha kazi kabla ya siku 180 kupita. Na siku hizo hazihesabiwi tangu ulipofika. Zinahesabiwa tangu ulipowasilisha maombi, yaani baada ya kuandika kwa Kiingereza mateso yako yote, pamoja na ushahidi, huku mawakili wa bure wakiwa wa kutafutwa kwa tochi. Ukiomba tarehe ya mahakama isogezwe kwa sababu unaumwa, hesabu inaweza kusimama. Jirani yangu alichukua miezi minne kabla hajawasilisha. Mtoto amezaliwa, ameanza kukaa, mama bado anasubiri ruhusa ya kuosha mwili wa mzee anayehitaji kuoshwa.

Wanasema kungoja huko kunazuia maombi ya uongo. Sawa, waongo wapo. Lakini mwongo na mkweli wote wanakalishwa sawasawa, na anayelipia kodi ya nyumba zao ni mji ule ule unaolia hauna wafanyakazi! Hata Seneta Susan Collins, wa chama cha Republican, amepeleka mswada wa kuzipunguza siku ziwe 30. Haukupita.

Nakubali nyumba hapa mjini Portland hazitoshi. Kiangazi cha 2019 zaidi ya watu 400, wengi wao Wakongo na Waangola, walilazwa kwenye vitanda vya kukunja katika ukumbi wa michezo wa Expo. Lakini nyumba zinajengwa na mafundi, na baadhi ya wale waliolala pale walikuwa mafundi.

Habari ya vyeti vya uuguzi vya jirani yangu kutotambulika nitaiandikia siku yake.

Leo usiku nina zamu tena. Amenigongea mlango, ameniletea sombe kwenye kopo, ameuliza yule mzee anaendeleaje. Amebakiza siku 61.