Kipimajoto cha ukutani hakitoshi

Makala moja niliyosoma inadai kwamba ofisi ikiwekwa nyuzijoto 22, kila mtu atafanya kazi vizuri. Sikubaliani. Mwili hausikii joto la hewa peke yake: kuna joto linalotoka kwenye kuta na madirisha, unyevu, mwendo wa hewa, nguo na kazi yenyewe. Anayechapa kwenye kompyuta bila kuinuka huzalisha joto kidogo, damu hupungua vidoleni, na ngozi ya mikono ikipoa, wepesi wa vidole hupungua. Makosa yake hapo si uzembe! Anayebeba maboksi chumba hichohicho analowa jasho, na unyevu ukizidi jasho hilo hutiririka badala ya kukauka, kwa hiyo halimpozi. Pimeni pale mtu anapokaa, usawa wa kifua, mbali na jua na mashine. Badilisheni nyuzi moja moja, kisha subirini nusu saa. Feni husaidia sana, ila hewa kavu iliyopita nyuzi 35 huweza kuuongezea mwili joto. Ofisini kwenu nani hushika rimoti, na yeye amekaa wapi?