Cheo Kimekwenda kwa Mwingine: Kuondoka au Kubaki?

Tangazo lenyewe huwa fupi. Kikao kinakaribia kwisha, mkuu wa idara anamtaja aliyeteuliwa kuwa msimamizi mpya, watu wanapiga makofi, na miongoni mwao yumo mmoja ambaye kwa miezi minane ndiye aliyekuwa akikaimu nafasi hiyo, akisaini taarifa za kila mwezi na kupokea simu za usiku mambo yalipoharibika. Asubuhi ya siku ya pili anaombwa amwonyeshe mteule mafaili yalipo. Barua nyingi za kuacha kazi huandikwa kichwani katika saa kama hizo, na baadhi yake humfikia mwajiri kabla juma halijaisha.

Je, mtu huyo aondoke? Kabla ya kupima pande mbili za suala hili, niseme kwamba kwa maoni yangu mara nyingi huanzwa mahali pasipofaa. Wengi hulifanya kuwa suala la haki: nimeonewa, au sikuonewa? Haki ina uzito wake, lakini mtu anaweza kuwa ameonewa kweli na bado kubaki kukamfaa, na mwingine akawa ameshindwa kihalali kabisa na bado ikampasa atafute pengine. Linalohitaji kujulikana ni iwapo njia ya kupanda ingali ipo pale alipo, na hilo halipimwi kwa ukubwa wa uchungu.

Uchungu wenyewe unastahili kueleweka, kwa kuwa ndio unaoshika kalamu. Mwanasaikolojia John Stacey Adams alieleza mwaka 1963 kwamba mfanyakazi hapimi malipo yake peke yake, bali hulinganisha anachokitoa na anachokipata, kisha akaweka ulinganisho huo kando ya ule wa mwenzake. Ndiyo maana mtu aliyerukwa huumia ingawa hakunyang'anywa kitu: mshahara ni ule ule, meza ni ile ile, na juma lililopita vyote viwili vilimtosha. Kilichobadilika ni kipimo. Asiyelitambua hilo anaweza kuiacha kazi nzuri kwa sababu ya ulinganisho ambao ataukuta tena huko aendako.

Hata hivyo, hoja ya kuondoka si hasira tupu. Mwaka 2021, Kathryn Dlugos na JR Keller wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya matukio 9,000 ya waombaji wa ndani kukataliwa nafasi katika kampuni moja kubwa ya Marekani kwa kipindi cha miaka 5. Waliokataliwa walikuwa na uwezekano wa karibu mara 2 wa kuihama kampuni kuliko wenzao waliopewa nafasi au ambao hawakuomba. Hilo halishangazi. Lenye mafunzo zaidi ni kwamba hawakuwa sawa wote: waliofika kwenye usaili mbele ya meneja mwenye nafasi, na walioshindwa na mfanyakazi mwenzao wa ndani, walikuwa na uwezekano wa nusu tu wa kuondoka wakilinganishwa na walioenguliwa mapema au kupitwa na mtu aliyeletwa kutoka nje.

Nadhani wafanyakazi wale waliisoma hali yao vizuri. Aliyeitwa kwenye usaili wa mwisho amejua kwamba jina lake linajadiliwa, na aliyepitwa na mwenzake ameona kwa macho yake kwamba ngazi ya ndani inapandika. Lakini aliyekaimu miezi minane, asiitwe hata kwenye usaili, kisha nafasi ikapewa mgeni, amepewa jibu ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka. Kuleta mtu wa nje ni gharama: Matthew Bidwell, katika uchunguzi wa benki moja ya uwekezaji ya Marekani uliochapishwa mwaka 2011, alikuta kwamba walioajiriwa kutoka nje walilipwa takriban asilimia 18 hadi 20 zaidi ya waliopandishwa kutoka ndani kushika kazi zinazofanana. Mwajiri anayekubali kubeba mzigo huo ilhali mtu wake yupo ofisini amesema waziwazi anamthamini kiasi gani.

Hesabu hiyo hiyo humpa matumaini anayetaka kuhama, maana kwingineko yeye ndiye atakayekuwa mtu wa nje. Asishangilie mapema. Bidwell alikuta pia kwamba wageni wale walipata alama za chini katika tathmini za utendaji kwa miaka 2 ya mwanzo, na kwamba waliacha au kuachishwa kazi kwa wingi zaidi kuliko waliopandishwa.

Hapo ndipo hoja ya kubaki inapoanzia. Ujuzi wa mtu haukai wote kichwani mwake. Sehemu kubwa imo katika wenzake, katika mifumo aliyoizoea, na katika kujua ni nani wa kumpigia simu shughuli inapokwama na nani hujibu barua baada ya kukumbushwa mara tatu. Boris Groysberg na wenzake waliwafuatilia wachambuzi wa hisa 1,052 waliohesabiwa kuwa nyota nchini Marekani kati ya mwaka 1988 na 1996, wakaona kwamba asilimia 46 ya waliohama walifanya vibaya katika mwaka uliofuata. Kama nyota wa kazi inayoonekana kuwa ya mtu binafsi hutegemea kiasi hicho mahali walipo, sisi wengine tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Mtu akiongeza muda wa majaribio, likizo zinazoanza kuhesabiwa upya na kiinua mgongo kinachokatika njiani, gharama ya kuhama huwa kubwa kuliko inavyoonekana siku ya tangazo.

Lipo pia jambo ambalo aliyerukwa hapendi kuulizwa: je, alikitaka cheo hicho, au alitaka mshahara unaoandamana nacho? Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha mwaka 2019 utafiti kuhusu wauzaji katika makampuni 131 ya Marekani. Waliokuwa hodari wa kuuza ndio waliopandishwa zaidi kuwa mameneja, lakini kadiri mtu alivyouza sana kabla ya kupandishwa ndivyo alivyoelekea kuwa dhaifu katika kuwaongoza wengine. Makampuni mengi hukitumia cheo kama zawadi kwa kukosa zawadi nyingine. Matokeo yake ni kwamba fundi mzuri anayechukia vikao, bajeti na kuamua ugomvi wa wenzake hujikuta akikililia kiti ambacho angekichoka baada ya miezi mitatu. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuacha kazi. Ana haja ya kudai nyongeza ya mshahara kwa jina lake, na akinyimwa, hapo ndipo suala la kuondoka linapokuwa halali kwake.

Kwa anayekitaka cheo kwa dhati, mazungumzo na mkuu wake yana thamani kuliko ushauri wowote wa marafiki, ili mradi asiende kuuliza "kwa nini sikupewa mimi?" Swali hilo humfanya mkuu ajitetee, na utetezi hauna habari ndani yake. Yafaa aulize mambo matatu: ni nini hasa kilichopungua, ni nani atakayeamua safari ijayo, na ni lini. Mimi niliwahi kwenda kuuliza hivyo, nikaambiwa kwamba wakati wangu utafika. Nilipouliza ni lini, mkuu aliitazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yangu, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza ugumu wa bajeti ya mwaka ule. Nilibaki miaka miwili zaidi. Jibu nilikuwa nimeshalipata siku ile. Nilikataa tu kulisoma.

Jibu la kumbakiza mtu lina sura nyingine kabisa. Linasema, kwa mfano, kwamba hujawahi kusimamia fedha, kwa hiyo kuanzia robo ijayo utasimamia bajeti ya mradi fulani, na tutakaa tena baada ya miezi sita kutazama umefikia wapi. Ndani yake mna kasoro inayotajika, kazi ya kuiondoa, na tarehe. Waliorukwa huambiwa sana kwamba subira huvuta heri, na sina ugomvi na methali hiyo, ila subira ni kungoja kitu. Anayengoja bila kujua anangoja nini amekwama, hata kama kwa nje anaonekana mvumilivu.

Njia mbaya kuliko zote, naona, ni ya yule anayebaki bila kuamua kubaki. Huja kwa wakati, huondoka kwa wakati, hufanya kile tu kisichokwepeka, na polepole humpa mkuu wake sababu za kweli za kumruka mara ya pili. Mwanauchumi Albert Hirschman alionyesha mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi yake ana njia ya kuondoka na njia ya kusema, na kwamba sauti yake husikilizwa zaidi ikijulikana kwamba anaweza kuondoka. Kwa hiyo kutafuta kazi kwingine kuna faida hata kwa anayekusudia kubaki: humwonyesha bei yake sokoni, na humfanya azungumze bila woga. Kuitumia ofa ya nje kama tishio ni jambo jingine. Huenda ikaleta nyongeza, lakini anayepewa nyongeza hiyo ana haki ya kujiuliza kwa nini thamani yake ilionekana tu baada ya barua ya kampuni nyingine kuwekwa mezani.

Na kama mizani imekataa kuelemea upande wowote? Steven Levitt, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, aliwaalika watu walioshindwa kuamua mambo, kuacha kazi yakiwemo, warushiwe sarafu iwaamulie. Zaidi ya 20,000 walishiriki, na katika maamuzi makubwa, waliofanya mabadiliko walikuwa na furaha zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliobaki na hali ya zamani. Hao walikuwa watu waliofikiri mpaka wakachoka. Matokeo yao hayamhusu mwenye hasira ya siku mbili. Lakini kwa aliyekwisha kumsikiliza mkuu wake, akalitazama soko, na bado asione tofauti, mimi ningeelemea kuondoka, kwa kuwa binadamu huogopa kupoteza alichonacho kuliko anavyotamani kupata asichonacho, na woga huo huwa tayari umeshajipenyeza katika hesabu yake.

Yule aliyekaimu miezi minane hana hata haja ya sarafu. Hakuitwa kwenye usaili, nafasi imekwenda kwa mtu wa nje, na kama mkuu naye akiitazama kalenda tu, basi atafute kazi, kimyakimya, huku mshahara ukiendelea kuingia, na asitoe notisi mpaka awe na mkataba mpya uliosainiwa. Yale mafaili ayakabidhi yote, kwa orodha yenye tarehe na saini mbili, kwa sababu mwajiri mpya akitaka kujua habari zake, simu itaita mezani kwa mkuu huyo huyo.