Aliyekosa nafasi anakwenda wapi?

Kila mwaka shule za hapa Houston, Texas, zikitangaza mchujo wa vikosi vya washangiliaji, kundi letu la WhatsApp la wazazi wa Afrika Mashariki linawaka moto kwa jambo lile lile: sketi. Binti wa mtu anataka kujaribu kuingia kwenye kikosi cha wale wasichana wanaoruka na kurushwa juu pembeni mwa uwanja, mashada ya nyuzi za rangi mikononi. Baba mmoja anaandika kwamba hakuja huku ili mwanawe akatingishe kiuno mbele za watu. Mama mmoja anamjibu kwamba hata kwenye ngoma za kwao viuno vinatingishwa. Mjadala unaanza na kuishia kwenye urefu wa kitambaa.

Mimi nina neno tofauti. Kabla ya Texas niliishi Japani, katika mji wa Nishinomiya ulio kati ya Osaka na Kobe, na huko pia wasichana wanavaa sketi hizo hizo na kushika mashada hayo hayo. Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini kinachonikosesha raha hapa Marekani sikukiona kule, na hakihusiani na sketi. Hapa, nafasi ya kuishangilia shule yako imefanywa zawadi ya wachache, na shule nzima inajua nani kaipata na nani kaikosa.

Nishinomiya ndiko uliko uwanja wa Koshien, uliofunguliwa 1924. Kila Agosti mashindano ya besiboli ya sekondari za Japani nzima, yaliyoanza 1915, yanachezwa pale, na nchi inayafuatilia kwenye televisheni kama sisi tunavyofuatilia Simba na Yanga. Joto la Agosti kule ni la kukatisha pumzi. Watu wananunua barafu ya mapande kwenye mfuko wa plastiki, wanaiweka shingoni kwanza, ikishayeyuka wanainywa kwa mrija. Timu ikipata zamu ya kupiga, upande wake unalipuka kwa matarumbeta, ngoma, mashada ya wasichana, na wavulana wa kikosi cha zamani cha shangwe waliovaa koti jeusi lililofungwa vifungo hadi kooni, mikono imekakamaa hewani. Zamu ikihamia kwa wapinzani, upande huo unatulia na kuwaachia wenzao uwanja. Kuzomea ni nadra sana.

Sasa mtazame kijana aliyesimama mbele kabisa ya jukwaa akiwa na kipaza sauti cha plastiki. Amevaa jezi kama ya wale walio uwanjani na amenyoa kipara kama wao, kwa sababu ni mwenzao wa klabu moja. Klabu ya shule yenye jina inaweza kuwa na wavulana zaidi ya 80, lakini benchi la mashindano hayo linachukua 20 tu, na kabla ya 2023 lilikuwa linachukua 18. Waliobaki hawarudi nyumbani kununa. Wanapanda jukwaani, wanaupa mchezo mgongo, wanaitazama shule yao na kuongoza nyimbo. Wengine wako mwaka wa tatu, wamefanya mazoezi asubuhi na jioni hadi mwisho wa juma, na hiyo ndiyo Agosti yao ya mwisho. Nilimwona mmoja sauti imemkauka kabisa, shati limemganda mgongoni kwa jasho, mdomo bado unafunguka kwa kila neno la wimbo. Mwenzake alipopiga mpira ukavuka vichwa vya walinzi wa nyuma, kijana yule aliruka kuliko mtu yeyote pale.

Jambo hili lilinigusa na bado linanigusa. Kule, aliyekosa nafasi anakabidhiwa kazi ya kuongoza shangwe, na hakuna anayemwona kuwa amebaki nyuma. Anawasemea wenzake.

Wasichana wa mashada nao wanaingia Aprili, mwaka wa masomo unapoanza, kama mtu anavyojiunga na klabu ya maandiko ya brashi au ya kupanga maua. Kwenye shule ya jirani yangu, aliyeleta fomu alipokewa, hata kama hajawahi kurusha mguu juu. Shida ilikuwa mbele yake, kwenye mazoezi, siyo mlangoni. Wala msifikiri kwamba mlango ulio wazi unaharibu kiwango. Shule ya sekondari ya biashara ya Fukui, shule ya serikali katika mkoa wa pembeni ambao hata Wajapani wengi hawaufikirii sana, ilipeleka kikosi chake cha kudansi na mashada Marekani mwaka 2009, kikashinda mashindano ya taifa huko huko.

Halafu kuna Bi. Fumie Takino. Mwaka 1996, akiwa na miaka 63, alianzisha kikosi cha Japan Pom Pom mjini Tokyo, na sharti la kujiunga ni uwe umefikisha miaka 55. Mabibi wenye mvi, sketi zinang'aa, mashada juu. Pale Japani sikumsikia mtu akiuliza kama inawafaa. Ukitaja mshangiliaji, Mjapani anamwona mtu mchangamfu anayefanya kazi ngumu huku akitabasamu. Wenzangu kazini walikuwa wakiniuliza kama ni kweli kwamba kwenye shule za Marekani msichana wa kikosi akipita kwenye korido watu wanampisha na kumwogopa. Walikuwa wameona kwenye filamu, na hawakuelewa kwa nini mtu anayewashangilia wengine aogopwe.

Nilipofika Texas nilianza kuelewa.

Mwanzo wa kazi hii ya kushangilia haukuwa hivi. Tarehe 2 Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya umati akauongoza kupiga kelele kwa mpangilio ili timu yao iliyokuwa ikifungwa ipate nguvu. Ilikuwa kazi ya wanaume, na ya heshima: Eisenhower, Reagan na George W. Bush waliifanya shuleni au chuoni kabla ya kuwa marais. Minnesota iliwaruhusu wanawake mwaka 1923, na vijana wa kiume walipokwenda vitani miaka ya 1940, wasichana wakajaza nafasi. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer alianzisha chama cha taifa cha washangiliaji huko Dallas, kambi za mafunzo zikaenea. Texas ikawa makao makuu ya jambo hili, na uzuri, pesa na umaarufu vikajifunga humo humo.

Leo utaratibu ni huu. Unakwenda kwenye mchujo, waamuzi wanakutazama, kisha orodha inatoka. Kuna kikosi cha kwanza na cha pili. Ukipita, wazazi wanalipia sare, viatu na kambi, mamia ya dola, na wale wa klabu binafsi za mashindano wanalipa maelfu. Msimu wa vuli, shule inapofanya wiki ya kuwakaribisha waliosoma pale zamani, wasichana wa Texas wanavaa kifuani ua kubwa la bandia linaloning'iniza riboni hadi miguuni, lenye kengele ndogo, dubu wa kitambaa na majina yaliyoandikwa kwa gundi inayometa. Kina mama wanayashona hadi usiku. Ua linasema binti yuko kikosi gani na kaalikwa na nani, kwa hiyo hata asiyeuliza anajua nafasi ya kila mmoja. Nimemshonea mwanangu la kwake kwa upendo wote, na riboni ni nzuri kweli. Lakini kuna wasichana siku ile wanapita na kifua kitupu, na macho yao yananitosha.

Mkidhani nakuza mambo, angalieni historia ya jimbo hili. Katika mji wa Crystal City, kusini mwa Texas, wanafunzi wengi walikuwa wa asili ya Meksiko, lakini utaratibu wa shule ulitaka katika washangiliaji wanne mmoja tu awe wa asili hiyo. Desemba 1969 wanafunzi waligoma kuingia darasani. Mgomo ulishinda, na kutokana nao kikazaliwa chama cha La Raza Unida, ambacho Aprili 1970 kilishinda viti vya bodi ya shule na baraza la mji. Mwaka 1991 huko Channelview, hapa hapa pembeni mwa Houston, mama mmoja alikamatwa kwa kupanga mauaji ya mama wa mshindani wa binti yake, mabinti hao wawili wakigombea nafasi kwenye kikosi. Na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya msichana wa Pennsylvania aliyekosa kikosi cha kwanza, akatukana mtandaoni, akasimamishwa kwenye kikosi cha pili. Alishinda kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Kazi ya kushangilia inapofika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi, ujue imeshabeba vitu vingine.

Sitaki mtu aondoke akidhani Japani ni peponi. Mtoto asiyepatana na klabu yake anateseka kimyakimya, na uonevu darasani ulifikia kiasi cha bunge kupitisha sheria maalumu ya kuuzuia mwaka 2013. Wasichana waliruhusiwa kushangilia Koshien miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuugusa udongo wake. Agosti 2016 msichana aliyekuwa meneja wa timu yake aliondolewa uwanjani wakati wa mazoezi kwa sababu tu ni msichana, na fainali ya wasichana wa sekondari ilichezwa pale kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Hilo liliniudhi nikiwa kule na linaniudhi mpaka leo.

Na kwetu? Nilisoma bweni Morogoro. Njuka wa kidato cha kwanza alichota maji ya kaka na dada wa kidato cha nne, alideki, alipiga mchakamchaka alfajiri akiwa mstari wa nyuma. Kuna waliovuka mipaka, na hilo silitetei. Ila cheo kile kilikwisha chenyewe, kwa sababu mwaka uliofuata njuka walikuja wengine. Wajapani wana utaratibu unaofanana sana na huu, wa mdogo kumtumikia aliyemtangulia mwaka. Na pale Morogoro, mechi ya kidato cha pili na cha tatu ilipochezwa, hakuna aliyechaguliwa kushangilia. Debe likapigwa, matawi yakavunjwa mtini, na bao likiingia hata matroni alikimbia kuuzunguka uwanja. Mahali petu pa kuumizana palikuwa ubaoni, pale matokeo yalipobandikwa na jina lako na namba yako kwa kila mtu. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora mwaka 2023 wengi walilalamika. Mimi nilifurahi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, sketi iacheni. Chini yake kuna kaptura, na mazoezi yale yanajenga mwili na nidhamu. Sheria ya Texas ya tangu 1984 pia inamzuia anayefeli masomo asishiriki mashindano mpaka arekebishe alama, jambo ambalo mzazi wa Kiafrika hawezi kulichukia. Binti akitaka kujaribu, msainie fomu. Ila kabla ya siku ya mchujo kaeni naye mzungumze atafanya nini akikosa, kwa sababu shule haitamwambia. Hapa hakuna jukwaa la Koshien linalomsubiri.

Kilicho karibu zaidi na lile jukwaa nimekiona kwenye bendi. Bendi za sekondari za Texas ni kubwa, nyingine zina mamia ya watoto, na kwa kawaida mwenye nia anaingia: mwembamba, mnene, mweusi, mgeni asiyejua Kiingereza vizuri. Ijumaa usiku, kwenye mechi ya shule, wanakaa pamoja jukwaani, wanapiga timu ikishinda na ikifungwa, na wakati wa mapumziko uwanja mzima unakuwa wao. Shule nyingi zinaanza kuwafundisha darasa la sita, na zipo zinazokodisha ala kubwa kwa bei nafuu kuliko dukani. Mwenye mtoto darasa la tano amuulize mwalimu wa muziki sasa, kabla ya fomu za mwaka ujao kufungwa, kwa sababu anayeanza akiwa sekondari tayari anapata shida kuwafikia wenzake.