Msimbazi wa Asubuhi

Jamani, hivi mjini hapa kuna mtu mwenye chenji? Ajitokeze tu. Tumpe ubunge.

Mimi sina makuu. Luku inalia usiku wa manane, naisikiliza. Mwenye nyumba anagonga kabla ya tarehe, namtolea shikamoo kupitia dirishani. Maji yakitoka siku yasiyotegemewa nashukuru Mungu na kujaza hadi sufuria za pilau. Yote nimeyameza. Ninachodai duniani ni kikombe kimoja cha kahawa chungu asubuhi, ile ya birika, na kashata moja ya karanga, nikae kwenye benchi la kijiwe chetu pale Magomeni dakika kumi bila mtu kunisemesha. Mtu mzima, mwenye familia na kitambi cha kuanzia, nadhani nimestahili.

Sasa jana usiku mashine ya benki ikanitemea msimbazi, noti ya elfu kumi. Mmoja tu, na ndiye wa mwisho hadi mwisho wa mwezi. Mwekundu, mpya, ananukia, yule tembo anakutazama kama anakudai. Nikamkunja mara mbili, nikalala tajiri.

Asubuhi nafika kijiweni, mzee wa kahawa yupo na jiko lake chini ya birika. Huyu mzee hamimini kahawa, anaishusha. Birika linapanda hadi usawa wa bega, uzi mweusi unateremka mpaka ndani ya kikombe kisicho na mkono, tone haliendi pembeni. Halafu anakupa huku anaangalia barabarani, kazi imeshamchosha kwa ubora wake. Nikapuliza, nikanywa. Tangawizi ikanishika koo, nikafumba macho. Raha hiyo, nawaambia, ilidumu mpaka nilipoingiza mkono mfukoni.

"Kata yako, mzee."

"Kahawa mia mbili, kashata mia. Mia tatu." Halafu akaona. "Mwanangu, hii nini?"

"Hela, mzee wangu."

"Naona ni hela. Lakini nimekuuzia kahawa, sijakuuzia kiwanja."

Benchi zima likageuka. Noti ikaanza kupita mkono kwa mkono, ikapigwa mwanga, ikakunjwa, ikanyooshwa. Jamaa wa jezi ya Yanga akarudisha mikono nyuma: "Mimi na jezi hii, msimbazi simshiki." Wa Simba akamdaka kwa mapenzi, akambusu. Nikamwambia taratibu, ndugu yangu, hiyo ni ada ya mtoto unayoibusu.

Ndipo mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye hajawahi kulipia kahawa tangu tumjue, akakohoa na kufungua kikao. Azimio la kwanza: dogo wa bodaboda ampeleke msimbazi kwa mama wa vitumbua. Dogo akaondoka na elfu kumi yangu kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao akiwa na abiria. Akarudi: mama hajafungua biashara, na wa kwanza wa siku hapewi chenji, ni mkosi. Azimio la pili: wakala wa simu. Akarudi: wakala anasema niweke elfu kumi kwenye simu, halafu niitoe vipande vipande, na kila kipande kina makato yake. Kwa hesabu hiyo ningemaliza asubuhi nikiwa na namba ya muamala tu. Azimio la tatu: dogo azunguke mpaka apate. Akawasha, akapotea.

Mimi mateka. Siwezi kuondoka, hela iko barabarani. Siwezi kukasirika, nimenywa kahawa ya watu. Nikakunja nne, nikatulia kwa heshima zangu zote.

Mjumbe akatafakari. "Tatizo letu," akasema (sikujua limekuwa letu saa ngapi), "ni hii mia tatu. Elfu kumi ukitoa mia tatu, inabaki elfu tisa na mia saba. Hiyo mia saba ndiyo mchawi. Lakini tukifikisha elfu moja, inabaki elfu tisa kavu. Chenji inakuwa rahisi."

Nani kamwelewa? Wote! Kijiwe ambacho kwa miaka kimeshindwa kukubaliana juu ya penalti moja, kilikubaliana papo hapo. Vikombe vitatu vikashushwa na kashata moja ikachukuliwa, buku ikatimia. Naona ajabu, na mimi mwenyewe hesabu inaniingia akilini. Kabla sijamshukuru mjumbe, fundi mwashi aliyekaa mwisho akanyoosha mkono kwa usingizi, akatafuna kashata nyingine.

"Wewe!" mjumbe akaruka. "Umeharibu! Elfu moja na mia sasa! Imebaki elfu nane na mia tisa!"

Fundi akaomba radhi na mdomo umejaa. Kikao kikakubaliana, kwa masikitiko makubwa, kwamba hakuna njia nyingine isipokuwa kufikisha elfu mbili. Vikombe vinne, kashata moja. Mpita njia mmoja aliitwa kusaidia.

Wakati wanasaidia, Simba na Yanga wakaanza. Wa Yanga akasema wao ndio wakubwa, wamezaliwa 1935, wenzao 1936. Wa Simba akasema sawa, basi mkubwa ndiye hulipia wadogo kahawa. Nikafungua macho kwa matumaini. Wa Yanga akaangalia saa, saa yenyewe hana.

Hapo kwa kweli nikachoka. Siyo utani. Kahawa tunalima wenyewe! Iko Kagera, iko Kilimanjaro, iko Mbinga, iko Mbozi. Sehemu kubwa inapanda meli, watu wanainywa huko wakiwa wamekaa kimya na vitabu vyao. Bukoba mgeni anapewa punje atafune, hakuna birika, hakuna kikombe, hakuna chenji. Mimi niliyebaki nayo mlangoni nafanyiwa kikao! Masaki huko angalau ukitoa msimbazi hakuna wa kukusumbua na chenji, maana hairudi. Lakini mimi nataka nini? Dakika kumi! Mtu anaamka saa kumi na moja, anarudi saa tatu usiku, hapo katikati hana hata kikombe kimoja cha kwake peke yake?

Dogo akarudi. Elfu nane na mia tano.

"Na ile buku jero?"

"Mafuta, mzee. Nimefika mpaka Mapipa, nikavuka."

Nikamlipa mzee elfu mbili yake. Akaipokea akiangalia barabarani, halafu akaniuliza kama ninaongeza kikombe.

Nikapanda daladala na buku iliyopasuka katikati, Mwalimu Nyerere kafungwa selotepu shavuni. Konda akaiangalia, akanirudishia: "Mzee, hii peleka Benki Kuu." Nikampa ile elfu tano, akasema hana chenji, nitapewa mbele. Mnajua mbele ni wapi. Nilishuka, nikakimbia na gari linaondoka, nimeshika mlango, na tai yangu iko ndani.

Mchana mama ntilie kaniwekea maharage, nyama kaniahidi. Juisi ya miwa mashine imekwama na muwa mdomoni.

Jioni nikasema potelea mbali, nipitie kwa kijana wa pweza. Huyu naye ana lake. Ukimsogelea tu anashusha sauti, anakukonyeza: "Baba, kunywa na supu yake. Leo nyumbani utaheshimika." Nikamwambia kijana, nina watoto wanne, heshima hiyo ilishanigharimu, nguvu ninayotafuta ni ya kupanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na ndoo. Akacheka, akanichomea kijiti kipande cha mnyiri, akakizamisha kwenye pilipili. Laini, chumvi yake ya bahari bado imo, ndimu inakufuata nyuma. Nikafumba macho tena.

"Shemeji!" Nikayafumbua. Mdogo wake mke wangu, kasimama na marafiki zake wawili, na kijiti kila mmoja ameshachukua.