Kanuni si ala ya likizo moja
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kozi ya wiki nne wakati wa likizo ndefu inatosha kumtoa kijana wa Unguja akiwa mpigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab. Wiki nne hizo zitaishia kwenye kutyuni tu, yaani kukaza nyuzi zifikie sauti sahihi! Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, nyingi zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na ukishazikaza, unyevu wa pwani unazilegeza tena. Bado kuna vile vipande vidogo vya chuma upande wa kushoto, ambavyo mpigaji huvipandisha na kuvishusha wimbo ukiendelea ili apate zile sauti za kati ambazo kinanda hakina. Bila hizo, bayati na rasti, yaani ngazi za sauti zenye asili ya Kiarabu, hazitoki, na wazee watakujua kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Mimi napiga fidla, na nahisi kozi nyingi zinaanza na kanuni kwa sababu inapendeza kwenye picha. Kidumbaki, kikundi kidogo cha muziki wa ngoma, kingefaa zaidi: sanduku lenye uzi mmoja linalotoa besi, ngoma mbili ndogo, cherewa (kayamba za kutikisa), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na fidla. Mtoto anashika mkwasa siku ya kwanza, anaingia kwenye mdundo pamoja na wakubwa, sikio linafunguka lenyewe. Kanuni na udi, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo, vitafuata akishajua wimbo unakwenda wapi. Kuhusu nota, yaani muziki ulioandikwa, sina ugomvi na mwandishi huyo, zinasaidia kuhifadhi nyimbo, ila zisitangulie. Nyinyi mnaofundisha watoto huko Pemba, Tanga na Mombasa, mnaanza na nota au na sikio?