Asilimia 115 ya watoto wa Likoni

Kila orodha inayopanga kaunti 47 za Kenya kwa huduma kama afya na maji ikitoka, swali la vijiweni Mombasa ni lile lile: sisi wa ngapi? Wanaozitetea orodha hizo wana hoja. Tangu ugatuzi uanze 2013, zahanati na hospitali nyingi ziko chini ya magavana, na gavana asiyepimwa na mwenzake atajisifu apendavyo. Hata mgao wa fedha hufuata takwimu: fomula iliyopitishwa 2020 iliipa idadi ya watu asilimia 18 na ukubwa wa ardhi asilimia 8.

Ila tazama hesabu yenyewe. Tuseme kliniki moja ya Likoni imekadiriwa, kwa sensa ya 2019, kuwa na watoto 1,000 wa chini ya mwaka mmoja. Mwaka unaisha imechanja 1,150: 900 wa hapo hapo, na 250 walioletwa kwa matatu kutoka Ng'ombeni na vijiji vingine vya Kwale. Ripoti inasoma asilimia 115. Kijiji cha mtoto kimeandikwa kwenye daftari la chanjo, lakini fomu ya jumla ya mwezi haikiulizi, basi kinabaki kabatini. Mombasa inasifiwa kwa watoto wa jirani, Kwale inalaumiwa kwa 250 ambao sindano wamepata, na wale 100 wa Likoni waliokosa hawaonekani popote.

Vifo navyo hugeuza kibao. Mama anayevuja damu akikimbizwa kutoka Kilifi hadi hospitali kuu ya Makadara, akafia hapo, hesabu ya hospitali inamwandika Mombasa.

Kuna pia kipimo kinachopendwa sana, zahanati moja kwa watu 10,000. Mombasa ina watu kama 5,500 kwa kilomita moja ya mraba, kwa hiyo hao 10,000 wanakaa ndani ya kilomita 2 za mraba; ukishindwa kutembea, tuktuk ipo. Tana River ina watu 8 tu kwa kilomita hiyo hiyo. Kule 10,000 wametawanyika kwenye kilomita 1,250 za mraba, zaidi ya Mombasa nzima mara tano, na jedwali linasema kaunti hizi mbili ziko sawa! (Maji ni vivyo hivyo: mfereji unaotoa maji siku mbili kwa wiki ni mfereji, hata kama siku tano nyumba inanunua mitungi ya lita 20 ya mkokoteni.)

Utafiti wa afya wa 2022, uliopita nyumba kwa nyumba katika kaunti zote, unaponya kosa la Likoni, kwa kuwa mama huulizwa anakoishi. Tatizo lake ni sampuli: kaunti moja hupata nyumba mia kadhaa tu. Pengo la asilimia 20 kati ya majirani naliamini. La 3 silijengei hotuba.

Kwa chanjo, fomu ya mwezi iongezewe mstari mmoja, "waliotoka nje ya kaunti". Karani hana haja ya kumuuliza mtu, jibu tayari analo daftarini.